Siku moja gereji Ilala: natumiwa meseji za kuzima taa

Saa 11 na nusu alfajiri

Meseji ya kwanza iliingia nikiwa bado na mswaki mdomoni. "Dada fundi, habari za kuamka. Ile taa ya kijamaa chenye puto imewaka tena. Mchana naenda Moro. Utanizimia?" Kijamaa chenye puto ndiyo alama ya eabegi kwenye dashibodi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Meseji za hivi napata tano au sita kwa wiki, na karibu zote zina kitenzi kimoja, kuzima. Sijawahi kuulizwa "utatengeneza?"

Nikamjibu awahi saa moja na nusu, nikakimbilia daladala.

Saa 1 na nusu asubuhi

Mimi ni fundi umeme wa magari. Gereji yetu iko Ilala, si mbali na Shaurimoyo, na tuko mafundi wanne tunaogawana bati moja na kivuli cha mwarobaini. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Wateja wapya wakifika bado wanamsalimia dogo ninayemfundisha kazi, wakidhani fundi ni yeye. Dogo ana miaka kumi na tisa. Ameshazoea, siku hizi ananionyesha kwa kidole tu.

Kijana wa Moro alikuwa ameshafika. Kabla sijachukua mashine ya kusoma makosa nikamwambia apige honi. Kimya. Basi nusu ya kazi imeisha. Honi ikigoma siku hizohizo taa ya eabegi inapowaka, mara nyingi mkosaji ni spairo, ule utepe wa waya uliojiviringisha nyuma ya usukani ambao unakata kona pamoja nawe kila siku, mpaka siku moja unachanika. Mashine ikasema hivyohivyo, upande wa dereva umekatika.

Nikachomoa betri upande wa hasi, tukaanza kuhesabu hadi tisini. Dogo anachukia sana kipande hiki. Anaona tunapoteza muda. Lakini kompyuta ya eabegi ina akiba yake ya umeme ya kuiwezesha kulipua hata betri ikikatika kwenye ajali, na sekunde hizo tisini ni za kuiacha akiba iishe. Kisha spana ya nyota pande mbili za usukani, kifuniko kikalegea, nikachomoa soketi ya njano. Eabegi nikailaza kwenye benchi uso ukitazama juu. Ukiilaza kifudifudi kisha ikalipuka, itaruka kama kombora. Na mita ya kupimia umeme haiigusi kabisa, kwa sababu hata umeme mdogo wa mita unaweza kuiwasha.

Ilipokuwa hapo benchini nikaigeuza kidogo nisome stika ya mgongoni. Ni mazoea tu, siku hizi naisoma kila ninapofungua usukani. Yake haikuwa na jina la kiwanda ninalolitafuta, nitalitaja mbele kidogo. Spairo mpya ikaingia, honi ikalia, taa ikawaka ufunguo ulipogeuzwa, ikakaa sekunde sita hivi, ikazima yenyewe. Akalipa, akaondoka anafurahi.

Taa ilikuwa inasema kweli, nasi tukaisikiliza. Siku zote zingekuwa hivi ningelala mapema.

Saa 4 asubuhi

Chapati mbili na chai kwa mama ntilie. Nikiwa natafuna akaingia mwalimu wa sekondari, mama wa makamo, na gari dogo jekundu la mwaka 2006. Shida yake ilikuwa kioo cha nyuma hakipandi. Dashibodi yake safi, haina taa hata moja. "Gari langu halijawahi kunisumbua, mwanangu," akasema, "ni hiki kioo tu."

Kioo kilikuwa swichi, dakika ishirini. Ila gari la mwaka ule, la Kijapani, lililokuja mtumba, siliachi liondoke bila kuandika namba ya chesisi, maana kwa namba hiyo naangalia kama kiwanda kimeliita gari lirudi kubadilishiwa kifaa kibovu. Nikafungua boneti, nikaifuta ile sehemu iliyopigwa namba kwa kitambaa chenye petroli, nikaipiga picha.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo ngoja niseme taratibu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Yana herufi za modeli, kistari, halafu tarakimu. Ukiiingiza kwenye tovuti ya Marekani inakukatalia, nawe unadhani gari lako halina tatizo. Inatakiwa tovuti ya Kijapani ya kiwanda chenyewe kilichotengeneza gari. Mimi naifungua kwa simu, naiwekea tafsiri, naingiza namba. Kiswahili kinachotoka ni cha kuchekesha, lakini maneno mawili ninayoyahitaji yanaeleweka, "imefanyika" au "bado".

Ya mwalimu ikaja "bado". Eabegi ya abiria, kikebe cha gesi kibadilishwe.

Nilikaa nayo simu mkononi kidogo, kwa sababu ameshaniambia mama yake anamsubiri kliniki ya sukari, na kila Jumanne bibi anakaa kiti cha mbele maana mguu wake haukunji vizuri kiti cha nyuma.

Nikavuta kiti cha plastiki, nikamweleza. Palikuwa na kiwanda cha Kijapani kinaitwa Takata, kilichokuwa kikitengenezea makampuni mengi eabegi, Toyota, Honda, Nissan, Mazda, BMW na wengine. Ndani ya eabegi kuna kikebe cha chuma chenye unga unaowaka na kutoa gesi, mfuko ujae kabla hujapepesa jicho. Unga wa Takata ulikuwa wa nitrati ya amonia, jamii moja na mbolea. Vikebe vyenye hitilafu havikuwekewa kitu cha kunyonya unyevu. Mwaka baada ya mwaka, joto la mchana na ubaridi wa usiku, unyevu ukipenya, unga unaharibika. Siku ukiwashwa unaungua kwa kasi kupita kiasi, kikebe chenyewe kinapasuka, na vipande vya chuma vinachana mfuko vikimfuata aliyekaa mbele. Ajali ambayo ungetoka na kovu la mkanda tu inakuwa jambo jingine.

Honda ilianza kuita magari kwa sababu hii mwaka 2008. Yakafuata mengine hadi vikebe takriban milioni 100 duniani kote. Marekani peke yake mamlaka zimethibitisha vifo 28, na Malaysia nao wamezika watu. Januari 2017 Takata ikakubali kukiri kosa Marekani na kulipa dola bilioni 1. Juni mwaka huohuo ikafilisika.

Mwalimu akaniuliza swali ambalo wanafunzi wake wangejivunia. "Sasa mbona taa haijawaka?"

Haijawaka kwa sababu taa inajua waya. Inapeleka umeme kidogo, umeme ukirudi inaridhika. Ndani ya kikebe haioni. Unga unaweza kuwa umeoza miaka minane na taa ikazima sekunde ya sita kila asubuhi kwa heshima zote.

Na barua? Kiwanda kinapoita gari, barua inakwenda kwa mwenye gari aliyeandikishwa. Barua ya gari jekundu, kama iliandikwa, ilikwenda anwani fulani Japani. Gari lenyewe likapita mnadani, likapanda meli, likashuka bandarini kwetu, likauzwa yadi, likauzwa tena kwa mwalimu. Barua haikupanda meli. Tangu Mei 2018 Japani inayakatalia ukaguzi magari yenye eabegi fulani za Takata ambazo hazijabadilishwa. Sina ushahidi, lakini mimi huwa najiuliza gari likikataliwa kule, mwenyewe analipeleka wapi.

Kinachoniudhi zaidi ni umri. Unga huu haukuwa hatari siku gari lilipotoka kiwandani. Unahitaji miaka ya joto na unyevu. Marekani walipokosa vipuri vya kutosha waliweka mbele majimbo yenye joto la unyevu, Florida, Hawaii, na Puerto Rico pia. Sisi tunanunua gari likiwa limeshamaliza ujana wake, halafu tunalianika Dar.

Saa 5 na nusu

Nikapiga simu kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, mwenye gari akiwa pembeni, spika ikiwa imewashwa. Sitamtaja. Dada wa mapokezi ana sauti nzuri, tumeshajuana kwa sauti. Akachukua namba ya chesisi, akasema kifaa hakipo, ataandika jina, watatupigia. Kwenye daftari langu nina wateja saba walioandikwa majina kwa namna hiyo. Wa zamani kuliko wote amesubiri miezi kumi na minne. Alishauza gari. Nilipomuuliza kama alimwambia mnunuzi, akanijibu, "Dada, biashara."

Mwalimu akaniambia, "Kata tu hicho kidude." Hapo lazima fundi atulie. Eabegi nzima inaokoa watu, na sitaki mtu asome hapa kisha aende kuchomoa ya kwake. Lakini hii tunajua imeitwa, na kipuri hakipo. Mwaka 2014, Toyota ilipopungukiwa na vikebe vya kubadilishia Marekani, ilikubali mafundi wake wazime eabegi ya abiria na kubandika onyo mtu asikae kiti hicho. Nikamweleza hivyo, pamoja na ubaya wake, kwamba kiti kile kitakuwa hakina eabegi kabisa, na kwa hiyo hakikaliwi, awe bibi, awe nani. Akaandika kwa mkono wake kwenye daftari kwamba ameelewa, akasaini kama anayesaini cheti cha kidato cha nne.

Betri. Tisini. Dogo safari hii alihesabu bila kununa.

Nikachomoa soketi ya njano nyuma ya boksi la dashibodi, nikaifunga kwa utepe, betri ikarudi. Mwalimu akawasha gari, na kijamaa chenye puto kikawaka chekundu, kikabaki palepale. Akanitazama kama niliyemharibia.

"Mwanangu, si ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa imezima, Mwalimu. Sasa ndiyo inasema kweli."

Dogo akachana kipande cha boksi la spea, akaandika kwa maka peni USIKAE HAPA, tukakifunga kwenye kichwa cha kiti. Bibi atakaa nyuma kushoto, kiti cha mbele kisogezwe mpaka mwisho apate pa kunyooshea mguu. Tulipima kwa kumkalisha dogo, ambaye ni mrefu kuliko bibi yeyote ninayemjua.

Saa 7 mchana

Wali maharage. Umeme ulikatika, tukachekana kwamba mafundi umeme tumekaa gizani.

Saa 9 alasiri

Dalali. Gari limeoshwa linang'aa, mnunuzi anakuja saa kumi na moja, taa ya eabegi inawaka. Hakutaka mashine wala maelezo. "Sister, iunge tu na taa ya oili, ziwake na kuzima pamoja." Njia hiyo ipo kweli. Nyingine ni kuweka rizista ndogo, kidude cha kupunguza umeme, mahali pa eabegi, kompyuta inadhani mfuko upo, na kifuniko kinagundishwa kwa gundi. Kuna magari mjini humu yana usukani mtupu wenye taa nadhifu.

Najua kwa sababu nimewahi kufanya. Miaka yangu mitatu ya mwanzo niliweka rizista nyingi, elfu ishirini kwa moja, na nilijiona mjanja. Nikaacha siku nilipofungua usukani mmoja nikakuta rizista yangu mwenyewe, nimeifunga kwa ule utepe mwekundu niliokuwa nautumia enzi hizo, na mwenye gari mpya amekaa pembeni na mtoto mapajani, hajui lolote.

"Hapana, kaka. Kama unataka nitafute kosa, niachie gari mpaka kesho."

Akacheka, akarudi garini. Gereji aliyoingia naiona kutoka kwenye benchi langu. Hakukaa hata nusu saa.

Saa 11 jioni

Nikampigia mama ntilie mahesabu, nikafunga vifaa, nikaandika daftarini jina la nane. Mwalimu alituma picha ya bibi amekaa nyuma, mkanda umefungwa, kibao cha boksi kinaonekana kwa mbele. Chini ameandika kwamba bibi anasema amepelekwa kama waziri.

Saa 1 usiku

Daladala zilijaa, mvua ilianza, nikaagiza teksi kwa simu. Ikaja gari ya umri uleule wa lile jekundu. Kijana akanifungulia mlango wa mbele, "karibu dada, nyuma kuna mizigo." Nikamwomba aisogeze, nikakaa nyuma. Akaniuliza kama namwogopa, ikabidi nieleze, kwa kifupi maana nilikuwa nimechoka.

Akagonga dashibodi kwa kidole, anacheka. "Mbona taa yangu haiwaki, dada. Niko vizuri."

Tulipofika nikamwomba afungue boneti nipige picha ya chesisi. Mvua, akasema, atanitumia mwenyewe akifika nyumbani. Nilimtumia ujumbe wa kumkumbusha saa tatu. Naandika hapa saa tano kasoro, tiki bado ni moja.