Nilivyopanga jaribio langu la kumbukumbu baada ya neno "mbula" kuniharibia la kwanza

Jaribio langu la kwanza la shahada ya uzamili katika saikolojia liliharibiwa na neno moja, mbula. Naeleza kisa hiki kwa sababu ushauri niliopewa wakati ule, kwamba nichukue jaribio la Wamarekani kama lilivyo na kubadili lugha tu, bado wanapewa wanafunzi wengine hadi leo, tena na watu wanaoheshimika.

Jaribio lenyewe ni la Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, lililochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science. Wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani walijifunza jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, kwa mfano mashua na tafsiri yake, kisha wakapimwa baada ya wiki moja. Waliokuwa wameendelea kujipima hata maneno waliyokwisha kuyaweza walikumbuka takribani asilimia 80, ilhali walioacha kujipima, hata wale walioendelea kusoma orodha nzima, walikumbuka karibu asilimia 35. Nilitaka kujua kama hali ni hiyo hiyo kwa wanafunzi wa kidato cha pili Mwanza, kwa kuwa sisi sote tulilelewa katika kusoma daftari na kulirudia mpaka usingizi utuchukue. Lakini Kiswahili kilifaa kule Marekani kwa sababu wanafunzi wale hawakukijua. Mtoto wa Mwanza anaona mashua kila anapofika ziwani.

Basi nikaamua kutunga maneno yasiyo na maana. Nilitumia wiki mbili kuunda maneno 20 yenye sura ya Kiswahili ili yasomeke bila shida, nikayaoanisha na vitu vya kawaida, na nikayahakiki moja baada ya jingine katika kamusi. Mbula ilipangwa na kioo, minzi na kamba. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwangu hayo yalikuwa mikusanyiko ya herufi tu, hayana mwenyewe.

Katika jaribio la awali nilikuwa na wanafunzi 12. Karatasi ya kwanza niliyoiokota ilikuwa na neno "mvua" mbele ya mbula, na ya pili vilevile, nami nikadhani wamekaa karibu wakaangaliziana. Ndipo kijana mmoja akasimama kwa adabu na kuuliza, "Samahani Madam, mbula si mvua? Na minzi si maji?" Darasa likaitikia kwa pamoja. Kwa Kisukuma ndivyo yalivyo, na waliokijua Kisukuma walikuwa wanapambana na maana waliyozaliwa nayo ili waweke mahali pake kioo na kamba, huku wenzao wasiokijua wakiendelea na maneno hayo kama maneno mapya. Fikiria iwapo Wasukuma wengi wangeangukia kundi moja: tofauti ya makundi ingetokana na lugha ya nyumbani, nami ningeandika tasnifu nzima nikidai imetokana na njia ya kujifunza. Nilizitupa karatasi zote 12, na sijutii hata moja.

Suluhisho lilitoka mbali. Nilihitaji lugha halisi isiyojulikana na yeyote darasani, lakini ambayo mtoto anayesoma Kiswahili anaweza kuitamka mara ya kwanza anapoiona. Kifini kina sifa hiyo, kwa kuwa maneno yake mengi huishia na irabu: silta ni daraja, pilvi ni wingu, ikkuna ni dirisha, lusikka ni kijiko, koira ni mbwa. Kaka mmoja aliyesoma Finland alinihakikishia maana zake. Halafu nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzoni, nikawaomba walimu watano wa makabila tofauti wasome orodha na kukata kila neno linalowakumbusha chochote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuondoa sana, ambalo kwa Kifini ni "neno", na kana, ambalo ni "kuku", kwa kuwa yana maana nyingine kwetu. Walimu wakakata mengine, na yaliyobaki yalitosha.

Ushauri mwingine ulionikera ulikuwa wa kugawa makundi kwa mikondo. Niliambiwa, "Madam, mkondo A wajipime, mkondo B wasome, usijisumbue." Katika shule ile mikondo ilipangwa kwa alama za kidato cha kwanza, kwa hiyo ningekuwa nimelinganisha wenye alama za juu na wenye alama za chini, na hakuna hesabu yoyote ya takwimu ambayo ingeniokoa baadaye. Nilichukua visoda 24, nikapaka 12 rangi nyekundu, nikaviweka katika ndoo yenye kitambaa mdomoni, na kila mwanafunzi wa mkondo A akachota kimoja mbele ya wenzake. Mkondo B nao wakachota vivyo hivyo, kwa ndoo iliyojazwa upya. Kwa njia hiyo kila kundi lilipata wanafunzi 12 kutoka kila mkondo, jambo ambalo kura moja ya jumla isingelihakikisha, na hakuna aliyenung'unika kwamba Madam amependelea.

Muda nao ulinishughulisha sana. Kundi la kusoma lilirudia orodha mara tatu, na kundi la kujipima likasoma mara moja kisha mara mbili likaandika majibu bila kuangalia, lakini saa ya mkononi iliwapa wote dakika zile zile. Bila hivyo, mtu angesema kwa haki kwamba kundi moja lilishinda kwa kukaa na maneno kwa muda mrefu zaidi. Neno "mtihani" nililifuta katika maelekezo yote na kuweka "zoezi", kwa kuwa nilikwisha kuona mikono ikitetemeka katika jaribio la awali, na hofu ingelielemea kundi moja tu. Karatasi zilihesabiwa zilipotoka na ziliporudi. Karatasi za wiki ya pili zilikuwa na namba badala ya majina, na mwalimu aliyesahihisha hakujua namba ipi ni ya kundi gani.

Vibali vilichukua muda kuliko jaribio lenyewe: barua ya chuo, ya mkoa, ya halmashauri, kisha ridhaa ya wazazi, kwa kuwa washiriki walikuwa watoto. Nauli, fotokopi na rangi ya visoda vilinigharimu kama laki mbili na ushee, sikuweka hesabu kamili. Anzeni na barua mapema.

Waliojipima waliwaacha wenzao kwa mbali, na nilipoona jedwali nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo, kwa furaha. Kilichonigusa zaidi ni kwamba kabla ya zoezi la mwisho niliwaomba wote waandike wanatarajia kukumbuka maneno mangapi, na kundi la kusoma ndilo lililoandika idadi kubwa zaidi.

Nilikuwa nimewaahidi walimu kwamba hakuna mtoto atakayeondoka na hasara kwa sababu ya rangi ya kisoda. Wiki iliyofuata nilirudi, nikawaeleza wanafunzi wote jaribio lilihusu nini, kisha nikakaa na kundi la kusoma kwa vipindi viwili na madaftari yao ya Historia, tukifunga daftari na kuandika tunachokumbuka, tukifungua na kusahihisha. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa miezi miwili mbele yao.