Pale Ohio unapoingia Mississippi
Jana jioni nilisimama kwenye ncha ya ardhi iliyo kusini mwa mji wa Cairo, jimboni Illinois, Marekani, ambapo mto Ohio unaingia Mississippi, nikaona maji ya rangi mbili yakienda sambamba kabla ya kuchanganyika: ya Mississippi ya kahawia, yenye tope ambalo sehemu kubwa huletwa na Missouri, mto unaojiunga nao juu kidogo ya St. Louis, na ya Ohio yenye rangi ya kijani. Hapo Ohio, unaoanzia Pittsburgh inakokutana mito ya Allegheny na Monongahela, kwa kawaida huwa na maji mengi kuliko Mississippi wenyewe. Hata hivyo, kutoka hapo mto unaendelea kuitwa Mississippi; jina, naona, lilitolewa bila kupima. Tishali zilizofungwa pamoja, zikisukumwa na boti moja tu, zilipinda polepole kuelekea kusini.