Nilivyoiondolea Corolla 110 tatizo la kuchemsha

Corolla 110 hii ina injini ya 5A-FE, ya cc 1500, na dalili zake zilikuwa mbili zinazopingana. Ikikimbia barabara kuu asubuhi, mshale wa joto hauinuki hata robo. Ikikaa dakika 20 kwenye foleni ya Ubungo, mshale unapanda hadi karibu na H, alama ya moto wa kupita kiasi. Gari lenye rejeta (inayopoza maji ya injini) iliyoziba au wota pampu (inayozungusha maji hayo) mbovu kwa kawaida huzidi kupata moto linapopanda mlima au kukimbia. Hili lilikuwa baridi likienda na moto likisimama, kwa hiyo nikaanza na themostati, valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, kabla ya kugusa kingine.

Injini ikiwa imepoa kabisa, nilifungua nati mbili za namba 10 kwenye kile kifuniko cha alumini ambamo mpira wa chini wa rejeta unaingilia. Ndani hapakuwa na kitu. Themostati ilishatolewa na fundi wa nyuma, pamebaki ganda la kutu na silikoni iliyokauka.

Mafundi wengi hutoa themostati kwa nia njema, wakiamini maji yatapita kwa uhuru na injini itapoa zaidi. Kwenye injini hii matokeo ni kinyume, na inafaa kuelewa kwa nini. Themostati yake imekaa njia ya maji kuingia, na ina sahani mbili. Ya juu hufungua na kufunga njia inayotoka kwenye rejeta. Ya chini, ndogo, yenye springi yake, inasimamia njia ya mkato ambayo maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, njia ya rejeta imefungwa na ya mkato iko wazi. Ikipata moto, sahani ya juu inafunguka na wakati huohuo ya chini inashuka kuziba ule mkato. Ukiitoa themostati, njia zote mbili zinabaki wazi saa zote. Maji hufuata palipo rahisi, hivyo sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoozwa. Barabarani upepo unafunika kasoro hiyo, tena unazidisha: injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaongeza petroli. Kwenye foleni, yale maji machache yanayofika kwenye rejeta hayatoshi.

Kariakoo nilitafuta themostati yenye 82 imegongwa chini yake, maana ndiyo nyuzi inapoanza kufunguka. Angalia sahani ya chini iwepo. Ukipewa yenye sahani ya juu tu, hata ikiingia vizuri kwenye tundu lake, umerudi palepale, mkato haufungwi.

Sikuifunga bila kuipima. Niliibana kwenye uzi, yaani unaifungua kidogo kwa bisibisi, unapitisha uzi katikati ya sahani na kiti chake, unaiachia ikabana. Ukaining'iniza kwenye sufuria ya maji isiguse chini, na kipimajoto pembeni, moto mdogo. Nta iliyo ndani ya kile kikopo cha shaba ikiyeyuka inatanuka na kusukuma sahani, uzi unaachia, themostati inadondoka. Yangu ilidondoka kwenye nyuzi 83. Inayotakiwa ni kati ya 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Wakati wa kufunga, mpira wake wa duara uwe mpya, silikoni haihitajiki, na kile kivalvu kidogo kinachochezacheza kikae juu ili kipitishe hewa. Nati zile hazitaki nguvu, ni kama Nm 9 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Uzi wa studi ndani ya alumini ukiliwa ni kazi nyingine kubwa.

Kilichofuata ni mfuniko wa rejeta. Watu huudharau, lakini mfuniko wa presha ya bar 0.9 unazuia maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 119. Mfuniko uliolegea, kwa Dar maji matupu yanachemka kwenye 100. Kwa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 94, wakati swichi ya feni inaamuru feni izunguke kwenye 93! Ndiyo maana gari lenye mfuniko mbovu linaweza kuvumilia Dar likaja kuaibika huko juu. Niliangalia mpira wa chini ya mfuniko, ulikuwa umekakamaa na kuacha alama ya kiti, nikabadilisha. Kuna pia kivalvu katikati kinachorudisha maji kutoka kwenye tanki la akiba injini inapopoa. Ukikuta asubuhi mpira wa juu wa rejeta umenywea kama umefyonzwa, kivalvu hicho kimekwama.

Feni ya gari hili hupimwa kirahisi. Swichi yake iko palepale kwenye kifuniko cha themostati. Injini ikiwa baridi, washa swichi ya gari bila kupiga stata, kisha chomoa waya wa swichi ya feni. Feni lazima izunguke, kwa sababu swichi hii ikipoa inaunga umeme na ikipata moto inakata, na kukatika huko ndiko kunakowasha feni. Isipozunguka, tafuta fyuzi, rilei au mota. Yangu ilizunguka.

Rejeta niliisafisha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, hasa pale kati yake na kondensa ya AC ambapo udongo na wadudu hujazana pasipoonekana. Presha kubwa inalaza mapezi.

Kabla ya kujaza nilijiridhisha kuhusu hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, maana hiyo ndiyo kazi gari linalochemsha huuziwa haraka. Washa injini baridi mfuniko ukiwa wazi: mapovu yasiyokoma, au mipira ikiwa migumu kama jiwe ndani ya dakika moja mbili baada ya kufunga, ni gesi ya mwako inayoingia kwenye maji. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Sikuona hata kimoja, hedi haikufunguliwa. Ukilazimika kuifungua, boliti ni 10 za urefu mbili: milimita 90 upande wa manifoldi ya kuingiza hewa, 108 upande wa ekzosi. Zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwanza Nm 29, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine.

Nilisukuma maji ya bomba ndani mpaka yakatoka meupe, nikamwaga yote. Nikajaza mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kulanti (dawa ya maji ya rejeta) lita 3 na maji yaliyosafishwa lita 3, yale ya kujazia betri yasiyo na asidi. Chunga hapo dukani, usije ukapewa maji makali, yaani asidi ya betri. Kumaliza na maji ya kisima ya Dar, yenye chumvi, ni kuilisha hedi ya alumini kutu.

Hewa ndiyo huharibu kazi nzuri. Niliegesha gari pua ikitazama juu, hita nikaiweka kwenye moto wa mwisho, mfuniko wazi, injini ikisaga taratibu. Nikawa naminya mpira wa juu na kuongeza kadiri maji yanavyoshuka. Mpira wa chini ukipata moto ghafla, themostati imefunguka. Nilifunga mfuniko, nikasubiri feni iwake na kuzima mara mbili.

Sasa mshale unakaa chini kidogo ya nusu, foleni au barabara kuu. Siku ya pili, injini ikiwa baridi, tanki la akiba lilishuka vidole viwili, nikalirudisha hadi alama ya FULL, halikushuka tena. Jambo moja la kuangalia safarini: kwenye injini hii mkanda unaozungusha wota pampu ndio unaozungusha alteneta. Taa ya betri ikiwaka na mshale ukaanza kupanda kwa pamoja, mkanda umekatika. Simama hapohapo, usijikaze kufika kituo kinachofuata.