Siku yangu kwenye ambulensi (na daktari mmoja wa vita kichwani)

Saa kumi na moja asubuhi. Alamu imelia nimeizima, imelia tena. Jana nimekesha nikisoma kuhusu Noel Chavasse, daktari kijana wa jeshi la Uingereza vita vya kwanza vya dunia, sasa macho ni mazito na dere wetu hapendi kungoja mtu.

Saa moja kasoro. Kukagua gari. Oksijeni iko, bandeji ziko, machela gurudumu moja linakwama, nimeripoti wiki tatu sasa, wacha tu.

Saa mbili. Bodaboda na lori, Jogoo Road, Nairobi. Kijana mguu umevunjika na watu washaanza kumvuta kwa mikono, jameni msimwinue hivyo! Tumefunga mguu, magari yameshikana kwa hivyo tumembeba kama mita hamsini hivi hadi kwa ambulensi na mgongo wangu umelalamika. Sasa huyo Chavasse, Agosti 1916 huko Guillemont, Ufaransa, alishinda uwanjani akitibu watu risasi zikipita, usiku akatafuta majeruhi masaa manne mbele ya mitaro ya adui, kesho yake yeye na mbebaji mmoja wakabeba mtu karibu mita 450, kipande cha kombora kikamwingia ubavuni njiani. Sawa, jamaa alikuwa mwanariadha, alikimbia mita 400 Olimpiki ya London 1908. Mimi kupanda tu daraja la miguu nahema.

Saa saba. Tumeegesha Kariokor, nyama choma na ugali. Hili jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza vita hiyo hiyo upande wetu huku, wakafa maelfu kwa maelfu, wengi kwa magonjwa, na wengi hawana hata kaburi lenye jina. Chavasse kaburi lake limechorwa Victoria Cross mbili, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Simlaumu yeye lakini nyama ilinikwama kidogo. Vipande vitatu tu, simu ikalia.

Saa nane hadi saa kumi. Mama mwenye uchungu, Mathare, gari haifiki kwa mlango. Tunatembea na machela, gurudumu limekwama (si nilisema!), tukaibeba, kwa kona mwenzangu akakwaruzwa na mabati, glavu imejaa damu. Namwambia akae kando, ananiambia ni kidogo. Mtoto amezaliwa ndani ya ambulensi kabla hatujafika hospitali, msichana, analia kama king'ora.

Saa kumi na moja jioni. Mkono wa mwenzangu bado unatoka damu na bado anasema ni kidogo. Nikamwambia stori yote. Julai 31, 1917, karibu na Ypres, Ubelgiji, Chavasse alijeruhiwa mapema akakataa kuondoka, siku mbili karibu bila chakula anatoka kutafuta majeruhi, mwisho kombora likaingia kwenye handaki alimokuwa, likampasua tumbo. Akafa Agosti 4, miaka 32.

Akanyamaza, kisha, "Lakini si aliokoa watu?"

Aliokoa. Guillemont pekee kama 20 waliokuwa hali mbaya. Sikuwa na jibu kwa hilo, nikamwambia dere ageuze gari turudi casualty.

Saa mbili usiku. Nyuzi nne na sindano ya pepopunda. Amepiga nduru kuliko yule mama.