Ni nani aliyekuwa akitembea ufuoni?

Wiki hii nimekuwa nikimsaidia mpwa wangu hapa Kisumu kujiandaa kwa ACT, mtihani unaotumiwa na vyuo vikuu vya Marekani, na nimegundua kwamba makosa yake mengi yanatokana na Kiswahili chake kizuri. Swali lililotukwamisha lilihusu kirai kilichoachwa bila mwenyewe, nami nikamtungia mfano wa ufuo wetu wa Dunga: "Walking along the shore, a hippo frightened me." Aliusoma mara tatu asione tatizo, kwa sababu kichwani alikuwa akisikia "nikitembea ufuoni", ambapo ni- imekwisha kumtaja mtembezi, ilhali Kiingereza hakina kiambishi hicho, na nomino inayofuata koma ndiyo huhesabiwa kuwa mtenda, hivyo matembezi yote yakawa ya kiboko. Nilipomwonyesha "Walking along the shore, I was frightened by a hippo", alinyamaza kidogo, kisha akapigia mstari neno "I" kwa penseli.

Ulinganifu wa orodha ulimsumbua kwa njia hiyo hiyo. Sisi husema kusoma, kuandika na kuogelea, na ku- hiyo moja inatosha. Kiingereza kina "swimming" na pia "to swim", na ukianza na "reading, writing" mtihani haukubali umalizie na "to swim". Inaniuma kwamba mimi nilikaririshwa majibu ya maswali haya miaka mingi bila mtu kunionyesha chanzo chake. Kesho tunaingia vishazi rejeshi, yaani vile vya "who" na "which".