Kuzoea kona za Soni kwa pikipiki ngeni

Tangu nihamishiwe Lushoto na kukabidhiwa pikipiki ya ofisi, Yamaha DT 125, kinachonishughulisha zaidi nikiwa njiani ni kona. Kule Korogwe nilizoea Boxer 150 kwenye barabara za bondeni, na mwili ulikuwa umeshika tabia zake zote. Barabara ya Mombo ni nyingine kabisa: inapanda kutoka takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400, nyembamba, ikipindapinda kupitia Soni, huku upande mmoja ni mwamba na wa pili ni korongo.

Ringi ya mbele ya DT ni ya inchi 21, ilhali ya Boxer ni ya inchi 17, na gurudumu kubwa likishashika mwendo hukawia kulala. Pikipiki inayokwenda kasi hailali upande wa kushoto kwa kuvutwa usukani kuelekea huko. Unausukuma mbele kidogo mkono wa kushoto wa usukani, nayo inalala kushoto. Kwenye Boxer kiganja kilifanya hivyo chenyewe, lakini sasa ninakusudia, tena mapema, kabla kona haijanifikia.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni injini. Boxer ukiiachia mafuta, injini yenyewe inazuia mwendo, na nilikuwa nikiutegemea uzito huo kila niliposhuka mteremko. DT ni ya aina inayounguza oili pamoja na petroli, na injini za aina hiyo huzuia kidogo sana. Ukiachia mafuta, pikipiki inazidi kuteleza na mteremko kana kwamba umeweka gia huru. Kwa hiyo ninaposhuka kuelekea Mombo ninamaliza kazi ya breki barabara ikiwa bado imenyooka, ninaingiza gia ndogo, kisha ninaingia kwenye kona nikiwa nimefungua mafuta kidogo tu, ili pikipiki itulie. Breki ya mbele ninaibana taratibu, kwa sababu shokapu zake ni ndefu na zikibanwa ghafla pua nzima inazama, na kuzama huko katikati ya kona kunabadilisha kila kitu ulichokwisha kupanga.

Macho nayo yana kazi yake. Nikitazama ukingo wa korongo, pikipiki inaufuata ukingo. Nikitazama mahali kona inapofungukia, mikono inafuata bila kuamrishwa. Wako wanaoshauri kuikabili kona ya kushoto ukiwa karibu na katikati ya barabara ili uone mbali zaidi. Mimi sikubaliani nao kwa barabara hii, maana Coaster zinazopanda hupanuka hadi upande wetu, na honi ya Coaster wakati mwingine unaisikia gari likiwa limeshakufikia. Afadhali nione kidogo, nipunguze mwendo, nibaki upande wangu.

Tairi ya nyuma ni mpya, na vinywele vyake vya mpira bado vimesimama kwenye kingo zote mbili. Vya upande wa kushoto vimeanza kulika. Vya kulia bado vizima, kwa kuwa kona za kulia ndizo ninazoziendea kwa hofu zaidi, bila kuilaza sana pikipiki, korongo likiwa kushoto kwangu, na huko ndiko ninakoendelea kufanyia mazoezi kila asubuhi, lami ikiwa kavu.