Treni imenigombanisha na mama mdogo

Watu wa nyumbani wakisikia naishi Ujerumani wanajua nina gari. Sina, na sijawahi kulitafuta, maana hapa Leipzig gari ni kujitafutia madeni tu. Nina baiskeli kuukuu niliyouziwa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa anahama, na nina ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ilianza Mei 2023 kwa euro 49, Januari 2025 wakaipandisha ikawa 58, Januari 2026 tena 63, naona wanatuzoesha taratibu. Ila bado inalipa. Tramu, mabasi, treni zote za mikoani mpaka huko baharini kaskazini unapanda tu, hamna geti, hamna konda wa kugonga bodi. Siku mojamoja wanaingia wakaguzi wamevaa kiraia kama abiria wenzako, ukikutwa huna tiketi ni euro 60 na maelezo yako baki nayo mwenyewe.

Naweza nikatoka asubuhi nikazunguka miji mitatu nikarudi usiku sijaongea na mtu zaidi ya kusema samahani pale mlangoni. Simu inaniambia tramu inakuja dakika ngapi, imechelewa kwa nini, nishukie wapi. Mwanzoni niliona raha kweli, mimi niliyekulia kwenye kuuliza uliza njiani. Sa hivi sijui, kuna jioni nakaa kwenye tramu nawaza hivi hapa nilipo hamna hata mtu mmoja duniani anayejua nilipo, na wala hamna anayetaka kujua.

Kwenda nyumbani ni habari nyingine. Kabla hata ya nauli kuna kibali cha ukaazi. Kama kinakaribia kuisha na umeomba kuongezewa unapewa karatasi ya muda yenye viboksi, kiboksi kimoja kikiwekwa alama unaruhusiwa kutoka na kurudi, kikiwekwa kingine ukitoka ndo umetoka hivyo. Kuna watu nawajua hapa wamekosa mazishi kwa ajili ya kiboksi. Afu ndo nauli, na Desemba nauli inapaa kwa sababu kila mtu anataka kula Krismasi kwao, hivyo mimi Mwislamu wa Kondoa naenda miezi ambayo hamna mtu anayeitaka.

Kutoka Leipzig mpaka Frankfurt kwenye ndege, ile tiketi yangu ya mwezi haifanyi kazi kwenye treni za mwendo mkali. Ukitaka kubana hela unapanda hizi za mikoani, unabadilisha Eisenach, unabadilisha Bebra, unabadilisha Fulda, na mabegi mawili ya kilo 23 na kila mtu nyumbani kaagiza viatu. Unatumia karibu mara mbili ya muda. Nilishafanya nilipokuwa mwanafunzi, sasa hivi mgongo umekataa.

Napitia Addis Ababa. Ndege inaondoka Frankfurt usiku, alfajiri uko uwanja wa Bole unatembea na macho mekundu, na pale kwenye foleni ya kupanda ya Dar ndo mambo yanabadilika. Mtu hakujui anakuuliza unatokea wapi, unaenda wapi, ah Kondoa, Kondoa ipi, Bereko au mjini? Mwingine anakuomba umshikie mtoto aende chooni. Saa ngapi wamekuuliza swali Leipzig? Mimi hapo roho inatulia kabisa kabla hata sijafika Tanzania.

Sasa tuje kwenye ugomvi.

Zamani ukitua Dar mchana safari ya bara ilikuwa imeisha siku hiyo. Mabasi yalikuwa yanaondoka alfajiri, kwanza Ubungo, baadaye Mbezi stendi mpya, na kutembea usiku ilikuwa marufuku miaka mingi mpaka 2023 waliporuhusu tena. Kwa hiyo ilikuwa lazima ulale Dar, na kulala Dar kwangu ni Tabata kwa mama mdogo. Haikuwa na mjadala. Unafika pale, maji ya kuoga yapo, samaki yupo, majirani wanaletwa kukuona, watoto wanakagua begi, afu usiku mama mdogo anakaa na wewe sebuleni anakuhadithia yote ambayo mama hawezi kukwambia kwenye simu, nani kauza shamba, nani kaachika, mama presha inampanda ila kakataza usiambiwe. Saa kumi alfajiri anakuamsha mwenyewe na chapati zimefungwa kwenye gazeti. Mimi nikifika Kondoa nilikuwa nimeshajua kila kitu, nacheka panapotakiwa kuchekwa na kunyamaza panapotakiwa kunyamaza.

Halafu 2024 ikaja SGR, ile reli mpya ya kutoka Dar. Juni ilianza mpaka Morogoro, Julai ikafika Dodoma, treni ya umeme inakimbia kilomita 160 kwa saa, daraja la kawaida 31,000. Na kichekesho ni kwamba Ujerumani ya watu naingia kwenye treni kama naingia sebuleni kwangu, Dar unatakiwa uwahi mapema, kitambulisho, mizigo kwenye mashine, foleni imenyooka, kwa kweli nilisimama pale kwenye lile jengo la umbo la tanzanite nikajiona mshamba.

Natua mchana, jioni nimo kwenye treni, usiku niko Dodoma, nalala gesti, asubuhi basi la Kondoa. Nayo barabara ile ni lami tangu 2018. Anayeikumbuka ya zamani anajua ninachosema, watu wa Dodoma walikuwa wanaenda Arusha kwa kuzunguka Morogoro na Chalinze ili tu wasipite kwetu, na masika basi likinasa huko Chemba mnalala humo. Leo kilomita kama 160 ni asubuhi tu, adhuhuri nakula mlenda kwa mama.

Nikahesabu, likizo yenyewe fupi, nusu siku nimeokoa. Nikampigia mama mdogo kutoka Dodoma, nikijua atafurahi nimefika salama. Kimya kwanza. Afu, "Umelala wapi?" Gesti. "Gesti." Akarudia hilo neno kama vile nimemwambia nimelala mahabusu. "Kwa hiyo Tabata sasa ni njia tu ya kupita."

Sikujibu la maana. Nilipofika Kondoa nikakuta mama naye kashapigiwa, na yeye yuko upande wa mdogo wake. Nikamwambia mama, lakini si nimewahi kufika kwako? Akasema umewahi ndiyo, ila umekuja mtupu. Alimaanisha habari, sio mizigo, mizigo ilikuwepo. Na kweli, wiki nzima ya kwanza nilikuwa nauliza maswali ya kijinga, nikamsalimia shemeji wa mtu ambaye ameshaacha kuwa shemeji.

Mimi bado naona nilifanya hesabu sahihi. Mtu asiniambie nitumie muda wa likizo kulala Dar wakati mama yangu anazeeka Kondoa, siku zenyewe hazitoshi. Ila naelewa pia kwamba ile treni haijapunguza umbali peke yake, imemruka mtu katikati, na huyo mtu ndo alikuwa anashika uzi wa ukoo mzima. Sasa Tabata lazima niende kwa kukusudia, na kitu cha kukusudia kinaahirishwa, si tunajuana.

Juzi nimempigia mama mdogo nimwambie tarehe mpya, nikiwa nimejiandaa kwa lawama. Akaniuliza treni ya saa ngapi, nikamwambia ya jioni. Akasema basi sawa, usihangaike na Tabata, atanisubiri stesheni na kapu lake, tutapanda wote mpaka Dodoma, maneno yote tutayamalizia humo ndani, na yeye atapitiliza akamwone dada yake.

"Ila nauli yangu unalipa wewe. Kwenda na kurudi. Na sikai daraja la kawaida."